Miaka Miwili Kitandani

Wilbard alikuwa fundi wa mawe. Kuta nyingi zinazoshikilia mashamba ya mlimani ya Vudee yasiporomokee bondeni alizijenga yeye, au baba yake kabla yake. Siku mgongo ulipomkamata alikuwa ameinama kunyanyua jiwe la kawaida tu, la ukubwa aliokuwa akiubeba tangu ujana. Akabaki pale pale ameshika kiuno, hawezi kunyooka wala kukaa. Wanaume wanne walimpeleka nyumbani kwa machela ya miti.

Mkewe, Agatha, alimwita Method, mwenye duka la dawa pale njia panda. Kijiji kizima kilimwita daktari. Hakuwa daktari, lakini hakuwahi kulikataa jina hilo. Method akamchoma Wilbard sindano. Baada ya wiki mbili Wilbard alipopigwa picha ya mgongo mjini na kurudi nayo bila kuonana na daktari, Method aliichukua ile picha akaiinua dirishani.

"Unaona hapa, Mama Kelvin? Pingili mbili zimesagika. Akiinama, akibeba hata ndoo, atapooza. Mwache alale. Mgongo unataka kupumzika."

Agatha hakuona kitu kwenye ile picha ila vivuli. Lakini neno kupooza alilisikia vizuri sana.

Tangu siku hiyo akawa mlinzi wa mumewe. Alimvisha viatu. Alimpelekea maji ya kunawa kitandani. Wilbard akitaka kuokota kijiko kilichoanguka, alimkemea mpaka majirani wakasikia. Mtoto wao Kelvin alikuwa na kazi Arusha, akija mara moja kwa mwaka, kwa hiyo shamba lote likawa la Agatha. Alilima maharage peke yake, akashusha mikungu ya ndizi peke yake, akapanda na maji kutoka bondeni asubuhi na jioni. Wanajumuiya walikuja kusali pembeni ya kitanda, wakamsifu kwa uvumilivu wake. Aliipokea ile sifa. Mtu aliyechoka namna ile hana kingine cha kupokea.

Miaka miwili ikapita hivyo. Wilbard akaota tumbo, mapaja yakanywea yakawa kama ya kijana wa darasa la tano. Vidonge vya maumivu alivyouziwa na Method alivimeza asubuhi na jioni, na maumivu yakabaki pale pale. Kisha siku moja akapata choo cheusi, akazimia chooni, na Agatha akakodi gari la kumshusha mjini Same.

Hospitalini walimlaza siku nne. Daktari alisema vidonge vya maumivu vimemchubua tumbo, akavipiga marufuku. Akasema pia, kabla hajarudi mlimani, aende kwenye chumba cha mazoezi ya viungo.

Mle ndani walimkuta Ziada, mtaalamu wa mazoezi, dada mfupi wa miaka thelathini hivi, amevaa raba. Akawaamkia, akaitazama ile picha ya mgongo waliyokuja nayo, akaiweka mezani.

"Baba, naomba uiname taratibu, uguse magoti."

"Asiiname," Agatha akadakia. "Atapooza."

"Nani kasema, mama?"

Agatha akamweleza. Ziada alisikiliza mpaka mwisho. Akampima Wilbard nguvu za miguu, akamgonga magoti kwa kinyundo cha mpira, akamkwaruza nyayo. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yao.

"Mishipa ya fahamu iko salama. Hiki kilichoonekana kwenye picha wanacho watu wengi wa umri wake, na wengine wanalima mpaka leo. Mgongo ulijeruhiwa, ndiyo, lakini ulipona zamani. Sasa hivi kinachomuuma zaidi ni kulala. Misuli imelegea, viungo vimekakamaa. Kuuma na kuumia ni vitu viwili, baba. Ukianza kutembea utaumwa kidogo. Hutakuwa umejiumiza."

"Alitakiwa kulala muda gani?" Agatha aliuliza.

"Siku mbili tatu. Baada ya hapo aanze kujinyoosha."

Agatha alisimama akatoka nje. Jua la Same lilikuwa kali, lami inatoa mvuke, na yeye akasimama pale pale juani. Siku mbili tatu. Alitaka kumpiga mtu na hakujua aanze na nani.

Ziada aliwafundisha kwa wiki moja. Wilbard alilala chali, akakunja magoti, akainua makalio kutoka sakafuni, akahesabu hadi kumi. Alinyanyuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Alitembea dakika tano, kesho yake saba. Akaambiwa alale usiku, si mchana, apunguze sukari kwenye chai, ale maharage na mboga za majani, na tumbo likipungua mgongo utashukuru. Maumivu yakizidi mpaka kesho yake, apunguze kidogo, lakini asiache.

Nyumbani walirudi na karatasi yenye michoro, na Agatha akaibandika ukutani. Kila asubuhi alimsimamia.

"Inua."

"Inauma, Mama Kelvin."

"Najua inauma. Inua."

Hakumwambia pole hata mara moja. Mwezi wa kwanza Wilbard alifika kwa jirani na kurudi. Wa pili alifika kanisani, akipumzika njiani mara tatu. Wa tatu alibeba nusu ndoo ya maji, na wa nne ndoo nzima. Jumapili moja ya mwezi huo watu walimzunguka nje ya kanisa, wakampa mkono, wakasema Mungu ni mwema. Mama mmoja akamkumbatia Agatha akimwambia, "Furaha yako leo haina kifani."

Agatha akaitikia kwa kichwa. Kadiri mumewe alivyonyooka ndivyo hasira yake ilivyopanda. Akimwona anapanda mlima na ndoo alikumbuka ndoo zote alizopanda nazo yeye. Bega lake la kulia lilikuwa linauma, na mkono hauinuki tena kupita sikio.

Jioni moja, wakila makande, hakuweza kujizuia.

"Wewe ni fundi. Mwili wako unaujua. Miaka miwili yote hukuhisi kwamba unaweza kusimama?"

Wilbard aliweka kijiko chini.

"Mwaka wa kwanza, ukienda shamba, nilikuwa nasimama," alisema. "Nashika dirisha, nazunguka kitanda. Nilikuwa naweza."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa kupooza. Na siku moja uliniona nimesimama, ukapiga kelele, ukalia. Nikaona afadhali nilale."

Agatha aliikumbuka siku hiyo. Aliondoka mezani bila kumaliza chakula. Kumchukia mumewe tu kungekuwa rahisi, lakini sasa alikuwa na wa pili wa kumchukia, na huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Asubuhi yake alikwenda njia panda. Dukani kwa Method palikuwa na wateja watatu. Hakusubiri waondoke.

"Method, nimekuja kukuambia kitu. Uliniambia mume wangu alale, la sivyo atapooza. Ziada wa hospitali ya Same kasema hakutakiwa kulala. Vidonge vyako vimemchubua tumbo. Miaka miwili nimefanya kazi ya watu wawili kwa sababu ya neno lako moja."

Wateja wakatazama chini. Method alifuta kaunta kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

"Mama Kelvin, nilitaka kumsaidia. Niliona pingili zimesagika. Wengi wanasema mgongo hivyo ulazwe."

"Hujui kusoma picha."

Method akaacha kufuta. "Sijui," alisema.

Agatha alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alikuwa na maneno ya kutosha kutwa nzima, na yote yalikuwa ya kumjibu mtu anayebisha.

"Basi ungesema hivyo siku ile," alimwambia. "Neno hilo hilo. Ningempeleka hospitali."

Akaondoka. Hakumwambia yameisha, kwa sababu hayakuwa yameisha. Baadaye alisikia kwamba kijana wa kijiji cha Bombo aliyeanguka na pikipiki alifika dukani akitaka sindano ya mgongo, na Method akamwandikia kwenye karatasi jina la Ziada. Agatha alisema ni vizuri. Lakini dawa alinunua kwingine, hata kama ni kutembea saa nzima.

Wilbard alirudi kwenye mawe, madogo madogo kwanza, akipiga magoti badala ya kuinama. Wiki ya pili ya mwezi wa sita wa mazoezi alimshusha mkewe Same kwa ajili ya lile bega. Ziada alimshika Agatha mkono, akauinua taratibu mpaka ulipokwama, akauliza bega limeanza kuuma lini.

"Muulize huyu," Agatha alisema.

Ziada akamgeukia Wilbard. Naye akaanza kueleza ile miaka miwili ya ndoo na mikungu, tangu mwanzo, bila kuruka kitu, na Agatha akamwacha aeleze mpaka mwisho.