Sauti Iliyobaki Ofisini

Nimelala katika nyumba nyingi za watu, na sijaona mtu aliyechoka miguu kama dada yangu. Alikuwa mkalimani wa ofisi ya wilaya. Serikali inasema kwa lugha yake, watu wa bondeni wanasema kwa yao, ambayo ndiyo ya mama yetu, na katikati yuko dada na viatu vyake vilivyolika upande mmoja.

Alikuwa na utaratibu wake. Amri ikitoka ofisini anashuka nayo bondeni, anaisema nyumba kwa nyumba, anakunywa maji, anaondoka. Siku hiyo hakuna anayembishia. Kwa watu wetu, kumkatalia mjumbe papo hapo ni sawa na kumfukuza. Unamwacha aende, unalala na neno, mnagombana wenyewe kwa wenyewe. Kesho yake anarudi, na hapo ndipo anapoyakuta majibu yanamsubiri, mengine makali kama pilipili, naye anayapandisha mlimani hadi kwa wakubwa. Ofisi haikujua hayo. Yenyewe iliona majibu yanafika tu.

Safari hii nilipobisha hodi kwake nilimkuta ana furaha. Walikuwa wakimfungia katika chumba kidogo pale ofisini, kuta zimeegemezwa magodoro, anaisomea mashine sentensi kwa lugha ya mama.

"Itaongea kama mimi," akaniambia. "Hata nisiyowahi kuyasema itayasema."

"Ifundishe na kupika basi, nile kwa wakati."

"Wewe kwanza ufundishwe kukaa mahali pamoja. Mtu mzima huna hata kiti chako!"

Mwanzoni tuliipenda wote, sisemi uongo. Ilipiga simu kueleza siku ya chanjo, ikaeleza maji yatakapokatika. Bibi ambao maisha yao yote walikuwa wakiisikia redio kama mlio wa nyuki, sasa serikali ikawaita kwa majina, kwa lugha yao. Mzee mmoja alinishika mkono barabarani. "Mwambie dada yako asinipigie nikiwa naoga. Nimemwamkia nikiwa uchi!" Dada alicheka mpaka akakaa chini. Akasema sasa miguu yake itapumzika.

Asubuhi moja akaja fundi cherehani, rafiki yake tangu wakiwa wasichana, mjane wa bondeni. Utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni. Hakukaa.

"Mwenzangu, mbona hushuki? Watu wamejaa kwangu tangu jana. Wengine wamelala palepale. Tunakungoja."

"Mnaningoja kwa lipi?"

"Eti kwa lipi! Si juzi ulinipigia mwenyewe? Ulisema bonde lote linachukuliwa kwa kituo kipya cha mabasi, tuhamie kule uwanda wa nyuma. Ukasema mwenye pingamizi aseme. Nikasikiliza mpaka mwisho, nikanyamaza kwa adabu, kama siku zote. Majibu tunayo, dada. Tena leo utayabeba kwa gunia."

Dada aliweka kikombe chini taratibu. "Si mimi niliyepiga."

"Nisiijue sauti yako mimi?"

Tulipanda ofisini watatu. Mkuu wa ofisi alitukaribisha vizuri, akatuagizia viti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma, maana mbaya ningemtukana nikalala usingizi. Alimwita kijana wa mitambo, wanayemwita Bwana Waya, aangalie. Waya akaangalia. Simu zote za bondeni zilipokelewa, zote zilisikilizwa mpaka mwisho, hakuna aliyesema kitu. Mfumo umeandika: hakuna pingamizi. Muda wa kupinga umekwisha, na makao makuu wameshatia sahihi.

"Walikuwa wanamngoja arudi," nikasema.

"Nani arudi?"

"Dada. Huwa anarudi kesho yake."

Mkuu alimtazama Waya, Waya akatazama vidole vyake. "Mama," mkuu akamwambia dada, "tumewauliza kwa lugha yao, kwa sauti wanayoiamini kuliko yetu. Zamani tungebandika tangazo ukutani, wasiojua kusoma shauri yao. Ulitaka tufanye nini zaidi?"

Fundi cherehani, ambaye hakuelewa neno, akamvuta dada kitambaa cha bega. "Anasemaje?"

Dada hakumtafsiria. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anaulizwa hivyo akanyamaza. Badala yake akamgeukia Waya. "Itoe sauti yangu humo."

"Haitoki, mama. Haiko mahali pamoja. Ni kama chumvi, imeshaingia kwenye mchuzi."

"Na hata kama ingetoka," mkuu akasema polepole, "wale bibi zako warudi kutoelewa chochote? Niambie nifanye hivyo, nitaandika leo hii."

Akamsubiri kweli. Dada akainuka, akamshika fundi mkono, tukatoka.

Njiani kurudi alisema jambo moja tu, na hakuwa akinielekea mimi. "Nilisoma kila sentensi waliyonipa. Hakuna iliyosema 'nitarudi kesho.' Ningeiongeza, nani angenikataza?"

Alishuka bondeni siku ileile, akawaeleza. Wengine walimwelewa. Wengine walimtazama kama mtu anayekana kauli yake baada ya kulipwa, na mzee yule wa kuoga akafunga mlango. Walipeleka malalamiko, dada akiyatafsiri mwenyewe. Yalijibiwa kwa simu, kwa sauti yake, kwa upole sana: hayakubaliki.

Siku ya kuhama nilisaidia kubeba cherehani. Ni chuma kizito, kichwa chake nilikikumbatia kama mtoto mpaka kwenye mkokoteni. Dada alikuwa akikunja vitambaa vya wateja ambao hawakuja kuchukua nguo zao. Fundi alimwacha akunje. Mkokoteni ulipokuwa tayari, akamwambia:

"Sasa kule, simu ikilia nikasikia ni wewe, nitajuaje ni wewe?"

Dada akafikiri. "Hutajua."

"Na ukifiwa? Na ukiugua? Nikuache tu nikidhani ni serikali?"

"Nitakuja kwa miguu."

"Kule ni mbali, wewe. Na miguu yenyewe ndiyo hiyo."

"Nitakuja."

"Haya. Simu sitapokea basi, hata ukilia." Akapanda mkokotenini juu ya mizigo, akajifunga utepe wake kiunoni kuzuia kanga isipeperuke, na mkokoteni ukaanza kusukumwa.

Dada alisimama pale hadi ulipokata kona. Kisha akaniuliza njia ya uwanda wa nyuma inapita wapi, maana mimi nimetembea kote. Nikamweleza. Akaniomba nirudie, polepole.