Shikamoo Isiyojibiwa

Jumamosi ya kwanza ya muhula, mwaka 2003, saa mbili kasoro robo asubuhi, Mabruka binti Sleyum alikuwa anapanga vikombe kwenye sinia. Chumba chake cha chai kilikuwa chini ya ngazi, katika chuo kimoja kilichopo nje kidogo ya Nizwa, Omani, kwenye barabara ya Birkat al Mauz. Chai ya maziwa ya walimu, dalla, yaani birika, ya kahawa ya mkuu wa chuo, sahani ya tende. Pale chuoni aliitwa farrasha, yaani mpika chai na mfuta meza, na kazi hiyo aliifanya vizuri kwa sababu kufanya kazi vibaya hakukujua.

Ghorofani, Daktari Henrik, mgeni kutoka Ulaya mwenye shahada tatu za Kiswahili, aliingia darasani kufundisha somo jipya. Wanafunzi walikuwa thelathini na mmoja, wengi wao wajukuu wa watu waliotoka Unguja, Pemba na Burundi. Wakasimama na kuamkia kama walivyofunzwa na bibi zao: "Shikamoo mwalimu!"

Daktari alikuwa na miaka thelathini na nne na hakupenda makuu. "Mambo!" akajibu.

Darasa zima likaenda chini. Wavulana walimshika daktari miguu; waliokosa nafasi walishika miguu ya wenzao waliowatangulia. Wasichana, kwa stara, walishika miguu ya meza yake. Mikono haikubanduka. Daktari, ambaye naye hakuweza kusogea, aliona si vyema kupoteza kipindi, akafundisha ngeli kwa dakika hamsini.

Mwisho wa kipindi Mabruka alipita na sinia lake. Msichana mmoja, Reem, akamwita kutoka sakafuni karibu na mlango.

"Bibi! Mgongo yangu inauma, wallahi!"

"Mgongo wangu unauma," Mabruka alimsahihisha, ndipo akachungulia. "Kumezuka nini humu?"

"Tumemwamkia ustadh. Hajaitikia."

"Ala! Mtu huwaachaje watoto wa watu na shikamoo mikononi?" Akaweka sinia chini. "Marahaba, wanangu."

Mikono ikaachia. Wakainuka, wakanyoosha kanzu na abaya zao, wakaenda kwenye somo la uhasibu ambalo tayari walikuwa wamelichelewa.

Kesho yake daktari alijaribu kuitikia mwenyewe. Alisema marahaba mara saba, ya saba kwa sauti kubwa, na hakuna aliyebanduka. Mabruka alipokwisha kuwainua wanafunzi, akamuuliza, kwa upole, kama yeye amepata kumwamkia mtu yeyote shikamoo maishani mwake. Daktari akafikiri. Alikuwa ameliandikia neno hilo kurasa mia moja na arubaini, lakini hakuwa amemwambia mtu.

"Ndiyo maana," Mabruka akasema. "Marahaba hainunuliwi dukani, daktari. Huamkia wewe kwanza, miaka, ndipo ikakujia. Niamkie mimi, uanze leo."

Daktari akacheka, akasema yeye ni mtu wa usawa na hamwinamii mtu wala hataki kuinamiwa. Kisha akatoa daftari akaandika maneno yote ya Mabruka, na aliposahau neno moja akamwomba alirudie.

Basi ikawa desturi. Kila kipindi Mabruka alipanda juu, akaitikia, na kwa kuwa huenda mwanafunzi mwingine akachelewa na kuja na shikamoo yake, alibaki mlangoni mpaka mwisho. Alisimama, maana viti vilikuwa vya wanafunzi. Daktari akikwama neno humgeukia. Wiki ya tatu maneno yake yalikwisha kuchapwa katika karatasi za somo, na chini yake pameandikwa: mtoa habari, mwanamke, mtu mzima. Alizisoma zile karatasi kwa makini, akakuta wamekosea mahali pawili.

Mwezi wa Novemba likabandikwa tangazo: anatakiwa msaidizi wa mwalimu wa Kiswahili. Awe na cheti cha ualimu, na awe na uzoefu wa kuzungumza na wasemaji asilia wa lugha.

Mabruka aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote alichokitaka tangu aje Omani. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa farrasha. Mwaka 1962, akiwa na miaka ishirini, alipata cheti chake Unguja na akasomesha wasichana wa darasa la pili, nao walikuwa wakisimama akiingia. Kisha Mapinduzi yakaja, wakatoka na nguo walizovaa. Miaka arubaini alikuwa akisikia makosa ya watu na kunyamaza, na kunyamaza huko kulimchosha kuliko masinia. Mcheza kwao hutuzwa, husema watu. Waliolisema hilo hawakupata kuomba kazi chuoni.

Reem alimjazia fomu. Akaitwa mbele ya kamati ya watu watatu: Sheikh Zakariya, ambaye ndiye mkuu wa chuo; mjumbe mmoja wa utawala kutoka Ibra, aliyekuwa anaandika; na Daktari Henrik, aliyekuwapo kwa ajili ya kutafsiri. Sheikh Zakariya alilelewa na bibi yake wa Pemba na aliota kwa Kiswahili, lakini ofisini hakukijua.

"Una uzoefu wa kuzungumza na wasemaji asilia?" wakamuuliza.

"Tangu nizaliwe."

"Nani anaweza kuthibitisha?"

"Mama yangu."

"Umeleta barua yake?"

"Amefariki, Mungu amrehemu."

Mjumbe akaandika kwamba ushahidi haukupatikana. Wakauliza cheti kiko wapi. Mabruka akajibu kama ambavyo angejibu mtu yeyote wa mjini Unguja: "Kilibaki Vuga, kwenye mtoto wa meza."

Daktari Henrik akatafsiri kwamba cheti kiko Vuga kwa mtoto wake, aitwaye Meza.

Mjumbe akaandika. Akauliza Meza ana umri gani, daktari akakisia kuwa ni mtu mzima sasa. Mabruka akamtazama mkuu wa chuo. Mkuu wa chuo alikuwa anatazama kiyoyozi. Kamati ikaamua kwa kauli moja kwamba muombaji amwandikie mwanawe Meza, na cheti kifike katika siku thelathini.

Daktari na mjumbe wakatoka. Mabruka alibaki kitini. Sheikh Zakariya alizunguka meza ili apite, akafika mbele yake, na ulimi wake, uliokuwa umefungwa tangu asubuhi, ukamponyoka.

"Shikamoo bibi," akasema.

Mabruka hakuitikia. Sheikh Zakariya akaenda chini na joho lake, akashika miguu ya kiti alichokalia mwanamke yule, akatulia pale.

"Mtoto wa meza ni nini, mwanangu?"

"Ni droo, bibi," mkuu wa chuo akasema kutoka chini. Alikisema Kiswahili kizuri, cha Wete.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangejua nakijua. Nimefika hapa kwa taabu, bibi."

"Na cheti?"

"Kanuni inataka karatasi. Wallahi kanuni si yangu."

Mabruka angeweza kwenda zake. Mkuu wa chuo angebaki na kile kiti hadi Ijumaa, na farrasha mwingine wa kumwitikia hayupo. Alilifikiria jambo hilo kwa kitambo, tena kwa raha. Lakini kumnyima mtoto marahaba ni kumfungia mlango, na yeye hakulelewa hivyo. Na kama angelifanya, wasichana wa darasa la pili angewaambia walijifunza nini kwake?

"Marahaba," akasema.

Sheikh Zakariya akainuka, akapangusa joho lake, akamshukuru, akaenda mezani, akaitia sahihi ile karatasi ya Meza.

Siku thelathini zikapita. Kazi akapewa kijana mmoja, Maen, aliyesoma Kiswahili miezi kumi na minne nchi za nje na ana cheti cha kusema hivyo. Alikuwa mpole na mwenye bidii, na marahaba yake haikumbandua mtu. Chuo kikafunga kipaza sauti kutoka chumba cha chai hadi darasani, ili Mabruka aitikie bila kupanda ngazi. Kengele ikilia, anabonyeza kidude cheusi, anasema "Marahaba, wanangu," na huko juu watu thelathini na mmoja wanasimama na kufungua vitabu.

Mwezi wa Machi wakaja wakaguzi. Mkuu wao, bwana mmoja makini, aliipitia idara nzima akiwa na Sheikh Zakariya, akafika kwenye orodha ya vifaa vya kufundishia. Mbao nyeupe, mbili. Kinasa sauti, kimoja. Marahaba, moja, chumba cha chai.

"Hii ikiharibika?" akauliza kwa Kiarabu.

"Haijawahi," Sheikh Zakariya akajibu. "Ina miaka sitini na mmoja."

Mkaguzi akashuka ngazi, akachungulia chumba cha chai, akamwona Mabruka. Akaandika katika fomu yake: kikuukuu, lakini kinafanya kazi.