Bafta ya Bibi Sidi

Mwaka wa pili wa uhuru gari la sinema lilifika Munje, na mwendeshaji wake, Muthoka, akakuta kitambaa chake cha kuonyeshea picha kimeliwa na panya. Baba yangu, Mramba, akaingia chumbani kwa mama yake, Bibi Sidi, akatoa kashani bafta nyeupe iliyofukizwa udi, ambayo Bibi alijiwekea iwe sanda yake, akaitundika ionyeshewe picha. Hakumwomba.

Filamu ilikuwa ya zamani, haina sauti. Muthoka ndiye aliyeisimulia kwa bomba la bati. Makachero wawili wenye kofia nyeusi walikuwa wakipekua nyumba, wakimtafuta mwizi aliyekuwa akiwanyatia nyuma yao.

"Geukeni, mabwege!" watu walipiga kelele.

Hata Bibi alicheka, mpaka upepo ulipomletea harufu ya udi wake.

"Mramba, nguo hiyo umeitoa wapi?"

"Ni mara moja tu, mama."

Makachero wakaingia kabatini, wakafunga mlango. Papo hapo jenereta ikazimika, isiwake tena. Bibi alikwenda akaishika ile nguo.

"Hawajatoka."

"Shikamoo, bibi," Muthoka alisema huku akicheka. "Huo ni mwangaza tu."

"Marahaba. Nimewaona wakiingia. Wakitoka sikuwaona."

Aliifua, akaianika, akaifua tena. Akaniambia, "Msinizike na hii. Nitalalaje na wanaume wawili wanaopekua?"

Baba aliahidi kununua nyingine. Akawa anaahidi tu, hadi asubuhi moja Bibi hakuamka.

Alipooshwa, mimi nilikuwa nikimmwagia maji. Shangazi Jumwa, dada mkubwa wa Baba, ndiye aliyeosha. Nilimkumbusha maneno ya Bibi.

"Maiti haingoji duka, mwanangu. Tandika."

Nikaitandika mkekani. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nguo ikainuka pembeni, polepole, kama mtu anavyoinua shuka kuchungulia uvunguni. Ikashuka. Ikainuka pembe ya pili.

Shangazi alirudi nyuma hadi ukutani.

"Mramba! Leta sanda nyingine!"

"Dada, watu wanangoja kaburini," Baba alijibu nje ya mlango.

"Basi ingia umvishe hii wewe."

Baba alifungua, akatazama mkekani. Tulisikia baiskeli yake ikielekea Msambweni.

Tulimzika Bibi jua likizama, katika bafta mpya yenye harufu ya duka. Alikwenda peke yake. Ile ya kwanza Baba aliikunja mwenyewe, amefumba macho, na kila alipokunja alibonyeza kwa magoti.