Beti Zilizokatwa

Fundi muziki alikuwa akifuta vumbi kwenye santuri ya kwanza kutoka kiwandani, mama mkwe wake alipofungua mlango wa studio kumwambia chai inapoa. Lakini mama akajikuta akisema, "Cheza nami." Akajaribu tena, yakatoka yaleyale. Chini ya maneno hayo ngoma ilidunda kifuani mwake, sawasawa na ile ya rimiksi iliyokuwa kwenye santuri.

Mama huyo ndiye aliyeuimba wimbo wenyewe enzi za disko: beti tatu za mwanamke anayemtimua mwanamume mwongo. Fundi alikuwa amezikata beti zote, akabakiza maneno mawili ya kiitikio na kuyarudia mwanzo hadi mwisho. Kwenye jalada aliandika jina lake mwenyewe. Idhini hakuomba, aliona watu wa nyumba moja hawaombani ruhusa.

Daktari alimulika koo, akasema ni zima, akashauri maji mengi. Nyumbani mama akawa anaagiza chumvi kwa "cheza nami" na kuwakemea wajukuu kwa "cheza nami". Nao walitii, maana jicho lilikuwa lilelile.

Binti yake alimtaka mumewe azirudishe beti.

"Santuri imeshatoka," fundi alijibu. "Na mama ana kasoro gani? Mdundo wake haukosei hata kidogo."

"Umemkata ulimi, halafu unamsifia mdundo."

"Mimi ndiye niliyemfufua. Nani alikuwa anamkumbuka?"

Mke alibeba mto wake, akahamia chumbani kwa mama yake.

Jumamosi mchana fundi aliizindua santuri kwenye duka la rafiki yake. Watu walijaa hadi barazani. Mama aliingia na gauni la kumetameta lililombana mabegani, akapenya katikati yao, akamkaba fundi ukosi. Yote aliyokuwa ameyafungia moyoni aliyatoa hapo: wizi, utovu wa adabu, binti aliyemwoza kwa mikono yake mwenyewe. Mishipa ya shingo ilimsimama, mate yakamrukia fundi usoni.

"Cheza nami, cheza nami, cheza nami."

Duka zima likashangilia. Viuno vikakatika.

Binti aliifikia mashine iliyokuwa ikicheza santuri, akachomoa waya ukutani. Santuri ikazunguka polepole, ikasimama. Mama hakunyamaza, ngoma kifuani mwake haikukoma, na watu waliendelea kucheza. Fundi, ukosi ungali ngumini mwa mama mkwe wake, akageuza uso kidogo upande wenye mwanga, apigwe picha.