Mkasi wa Kukatia Tambi

Shangazi yangu alikuwa fundi wa taa za mafuta, na kwa tambi hakuwa na mpinzani mtaani. Aliuvuta utambi kwa vidole, akaunusa, kisha akasema, "Huu ni nailoni, utayeyuka. Chukua wa pamba." Akiukata, ncha ilinyooka na taa haikutoa moshi.

Asubuhi moja nilimsafishia meza kibandani kwake, nikausogeza mkasi wake upande wa kushoto. Mara mteja akaleta taa ambayo utambi wake ulikuwa umeungua upande. Shangazi akanyoosha mkono kulia, akapapasa.

"Mkasi umeuweka wapi?"

"Si huo hapo mbele yako?"

Akazidi kupapasa hadi katikati ya meza. Mkasi ulikuwa unang'aa juani, shibiri moja tu kutoka kwenye vidole vyake. Nilimpungia mkono usoni. Hata kope hakupepesa.

Nilipaza sauti. "Shangazi, huoni?"

"Punguza sauti, utanifukuzia mteja," alininong'oneza. "Huu mwaka wa pili."

Mwaka wa pili! Na juzi tu alilisifu gauni langu!

"Nilisikia linavyochakarika, nikajua jipya," alisema. "Baba yako akijua, atanifungia kibanda."

Nilimpa mkasi. Aliukata utambi ukanyooka kama kawaida, mteja akaenda zake akishukuru.

"Leo tunakwenda kwa daktari wa macho," nilimwambia.

Alivuta taa nyingine karibu. "Haya, mwanangu. Ila kwanza tumalize hizi taa tatu."