Kikombe cha Kulishia Kuku

Baba mdogo Manchang alikuwa ameshamjengea marehemu kaka yake nyumba ya ghorofa mbili, trekta, televisheni na jozi mbili za viatu, vyote vya karatasi na mabua ya mtama, na vyote vilikuwa vimepangwa uani vikingoja kuchomwa. Hiyo ndiyo kazi yake, kuwatengenezea wafu vitu. Wateja wake, alipenda kusema, hawajawahi kurudisha kitu hata kimoja. Kilichobaki kilikuwa kikombe, na hicho hakuweza kukitengeneza bila kwanza kukitazama chenyewe.

"Kilikuwa na pembe sita," alisema ndani ya basi la kwenda Lanzhou.

"Nane," alisema Suyun, binti wa marehemu.

"Kilipochukuliwa ulikuwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa anajua kuhesabu nini zaidi ya peremende?"

Suyun akageukia dirisha. Kesho yake ilikuwa siku ya arobaini na tisa tangu baba yake, Kou Deshui, afariki, yaani saba ya saba na ya mwisho, maana wafu huchomewa vitu kila baada ya siku saba. Kitakachochomwa kesho ndicho atakachokuwa nacho huko ahera. Kikichomwa kimekosewa, basi atakaa na kilichokosewa.

Kikombe chenyewe Deshui alikitoa ardhini alipokuwa akichimba shimo la kuhifadhia viazi. Jembe lake ndilo lililotangulia kukisalimia, likamega pengo kwenye ukingo. Akakiosha, akaona kina mkono mzuri na juu ya mkono kuna kichwa cha mtu mwenye ndevu za kujisokota. Akakipa kazi ya kuchotea mtama wa kuku. Kwa miaka mitatu Suyun alikuwa akikichukua msumarini kila asubuhi, analisha, anakirudisha na kusema, "Baba, kuku wameshakula." Kisha mwalimu wa historia akaja kununua mayai, akakiona, akakishika, akakaa chini palepale juu ya mavi ya kuku. Kumbe ni fedha tupu, kimefuliwa nchi za mbali za magharibi miaka elfu moja mia tatu iliyopita, kikaja na wafanyabiashara juu ya ngamia. Serikali ikakichukua, ikakiweka makumbusho ya Lanzhou, ikampa Deshui cheti na chupa mbili za chai. Chupa zilivunjika. Cheti kilitundikwa. Makumbusho Deshui hakwenda hata siku moja. "Nikakitazame nini," alikuwa akisema, "tunajuana."

Hospitalini, siku zile za mwisho, alisema jambo moja tu: "Mtaniletea kikombe changu." Muuguzi akaleta cha plastiki. Akakisukuma.

Tangu siku baba yake alipokata roho, Suyun alikuwa kama jino lililopigwa sindano ya ganzi: ukiligonga linalia ko, lakini mwenye jino hana habari. Hakutoa chozi, na mashangazi zake walikuwa wamelihesabu hilo vizuri. Baya zaidi, hakuweza kuita. Vitu vya marehemu vikishika moto, mtoto wake lazima amwite: baba, njoo uchukue. Visipoitiwa mwenyewe, wafu wapita njia huvinyakua. Saba zote sita zilizopita Suyun alifungua kinywa kukatoka hewa, na Manchang akaita badala yake.

"Ya saba siiti," alimwambia. "Ya saba anaita mtoto. Mimi nina watoto wangu wa kuniita, na wenyewe siwaamini."

Mlangoni mwa makumbusho mlinzi alifungua mfuko wa Manchang, akatoa mkasi.

"Mzee, huu wa nini?"

"Wa kumkatia maiti kikombe."

Mlinzi aliandika kitu daftarini bila kuinua uso, akaufungia mkasi kwenye kasha. Manchang akaingia na karatasi yake na vidole vyake kumi.

Ghorofani walimpita ngamia wa udongo aliyefumbua kinywa. Walimpita mgeni wa udongo mwenye pua kama ndizi na kofia iliyochongoka.

"Mtazame huyu," alisema Manchang. "Katembea jangwani mwaka mzima na bado anacheka. Mimi saa tatu ndani ya basi sina kiuno."

Suyun alimtazama mgeni. Pua aliiona. Kicheko alikiona. Akaendelea na safari.

Kabati lililofuata lilikuwa na sarafu za dhahabu za wafalme wa Rumi, na maelezo yakisema zilikutwa zimetiwa vinywani mwa wafu. Manchang alisoma polepole. "Kila mtu kapewa chake," alisema.

Kabati la kikombe lilikuwa la nne. Ndani kulikuwa na kigoda cha kitambaa chekundu, taa, na kadi yenye picha. Kikombe hakikuwamo. Kadi ilisema kimeazimwa kwa maonyesho nje ya nchi, tuwie radhi kwa usumbufu.

Mwanamke aliyelinda chumba aliifunga chupa yake ya chai, akawasogelea. "Kimekwenda Samarkandi, huko magharibi kilikotoka. Kitarudi mwezi wa kumi."

"Tunakihitaji kesho," alisema Suyun.

"Kesho hii?"

"Kimekwenda kuwasalimia ndugu zake," alisema Manchang. "Kaka yangu anakiulizia kitandani, chenyewe kinapanda ndege." Kisha akainama kwenye maelezo, akasoma mara mbili, kidole juu ya kioo. "'Kiligunduliwa na mwanakijiji.' Dada, huyu mwanakijiji ana jina."

"Mimi siandiki, kaka. Mimi nalinda. Na toa kidole kwenye kioo."

Suyun aliitazama picha. Ilikuwa imepigwa upande wa uzuri, kama mchumba anayeficha chunusi. Pengo halikuonekana. Alingoja ndani yake kitu kiumie. Hakikuumia. Taa ilikuwa ikiwaka juu ya kitambaa kitupu, naye alikuwa akihisi njaa.

"Chini dukani wanauza cha mfano," alisema yule mwanamke, sasa kwa sauti ya chini. "Watoto wanapenda."

Dukani, katikati ya sumaku za friji na ngamia wa manyoya, vilipangwa vikombe vya rangi ya fedha, vyepesi kama maganda ya mayai. Manchang alikizungusha kimoja.

"Nane," alikubali. "Haya, wewe na peremende zako." Akapitisha kidole ukingoni, akauzunguka mzima, akakunja uso. "Lakini hiki ni kizima. Hiki cha mtu mwingine. Nikimchomea hiki atauliza ni cha nani. Pengo lilikuwa wapi?"

"Sijui."

"Kushoto kwa mkono au kulia?"

"Sijui, baba mdogo. Sikumbuki kitu."

"Basi kishike tu."

Alikishika. Mkono ukakigeuza wenyewe, kiwiko kikarudi nyuma, kiganja kikainama kama kinatupa mtama, na kidole gumba kikateleza ukingoni kikitafuta mahali pake pa zamani. Kilisimama kulia kwa mkono wa kikombe, chini kidogo ya ndevu za yule mtu, pakiwa laini na pazima, na hapo kikang'ang'ania.

"Hapa," alisema Suyun.

Manchang aliweka alama kwenye karatasi kwa ukucha. Muuzaji akauliza kama wananunua. "Hapana, mwanangu," alisema Manchang. "Tunacho cha kwetu."

Kesho yake, saa nne asubuhi, walikuwa juu ya kilima, kaburi likitazama shamba la viazi. Manchang alichora duara ardhini kwa fimbo, akaacha mwanya upande wa kaburi ili mwenyewe apate mlango. Kikombe alikikeshea usiku kucha: pembe nane, kimevikwa karatasi za fedha za pakiti za sigara, ndevu za uzi mweusi, pengo limekatwa kwa mkasi pale pale. Chini yake ameandika: Cha Kou Deshui, mwanakijiji.

Nyumba iliungua, trekta ikaungua, viatu vikaungua. Manchang alifunga mdomo kama mtu aliyetia maji kinywani. Mashangazi walitazamana. Suyun alikisogeza kikombe kwenye moto, gumba ndani ya pengo, na sauti ikatoka, kavu, isiyo na kilio hata chembe, ile ya kila asubuhi.

"Baba, njoo uchukue kikombe. Kuku wameshakula."

"Kuku gani?" alinong'ona shangazi mkubwa.

"Si wako," alisema Manchang.

Karatasi za sigara zilijikunja, ndevu zikaondoka kwanza. Suyun alichelewa kuachia. Aliuvuta mkono, akakitazama kidole gumba kilivyokuwa kikibadilika rangi.

"Kimekuunguza?" aliuliza Manchang.

"Ndiyo."

"Kinauma?"

Suyun alifikiri kidogo. "Kinauma."

"Afadhali," alisema Manchang, akamwaga chai baridi ya chupa juu ya kidole chake, na iliyobaki akaimwaga kwenye mwanya wa duara, mlangoni pa kaka yake.