Nguzo Yenye Alama Mbili

Msumari wa inchi sita ulizama katika nguzo ya ukuta kama kidole kwenye ugali wa moto. Khamala hakuupiga nyundo. Aliusukuma kwa kidole gumba tu.

"Mzee Wanzala," fundi huyo alisema, amechuchumaa kando ya kitanda, "nguzo hii imebaki jina."

Wanzala alikuwa amemwita Khamala kutoka Gatina, kule Kawangware, aikague nyumba yake ya udongo na mabati hapa Kibera kabla hajaiuza, na majirani walikuwa wamecheka hadi wakashika mbavu. "Kwani unauzia ubalozi?" Ouma wa mlango wa pili alimuuliza. Lakini Wanzala alikuwa ameapa. Miaka yote wakubwa walimuuzia mnyonge kibovu kwa jina la kizima: mifereji isiyo na maji, zahanati zisizo na dawa. Yeye hangemfanyia hivyo Caren, mama wa watoto watatu, muuza omena wa pale kwenye kona, aliyetaka kuhamia humu mwisho wa mwezi. Akishamkabidhi ufunguo, atarudi Busia, akakae karibu na kaburi la mkewe, Seline.

Khamala aliendelea kugonga kwa mpini wa nyundo. Nguzo za mbele ziliitika ko, ko, kama ngoma iliyokaushwa vizuri. Za nyuma zilinyamaza. Kila iliyonyamaza aliitia alama kwa kipande cha makaa. Zilifika tano.

"Ni kazi ya chifu wetu," Wanzala alisema. "Mvua ya El Nino ilipotupiga nilimwendea mara tatu, anipe ruhusa ya kukarabati. Mara tatu akaniuliza kama nimekuja mikono mitupu. Nikarudi nayo mitupu. Seline akalala kwenye unyevu huu miezi minne, anakohoa. Ukiulizwa nani alimzika mke wangu, mtaje huyo."

Maneno hayo alikwisha kuyasema mara nyingi hata yakawa laini kama jiwe la kusagia.

Khamala alizunguka nyuma ya nyumba, kisha akamwita. Udongo ulirundikwa ukutani hadi kiunoni, na majani yalikwisha kuota juu yake.

"Huu nani aliuweka?"

"Mimi. Niliyazuia maji yasiingie."

"Basi uliyafungia." Fundi alichomeka vidole, akavitoa vimelowa, ilhali mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu. "Maji ya mtaro yanaingia humu, yanakosa pa kutokea, ukuta unayanywa. Kule mbele hukurundika kitu, na nguzo zake ni za mwaka uleule na hizi. Jionee mwenyewe."

Alisema bila nia mbaya, kama mtu aliyeulizwa saa akaitaja.

Wanzala aliukumbuka udongo ule. Alichimba siku mbili, akiona fahari. Siku ya tatu Seline alimletea uji, akasimama mlangoni na shuka mabegani. "Baba Mourine, tangu uweke udongo huo humu ndani kunanuka kisima." Naye akamjibu, "Mwambie chifu."

Aliitafuta hasira yake ya kila siku, akaikuta pale pale. Chifu alikuwa bado chifu, na tumbo lake bado tumbo. Lakini jembe lilikuwa la Wanzala.

"Usihangaike, mzee," Khamala alisema. "Tunapaka tope jipya, tunapiga chokaa, mama akija anaona bibi harusi. Mvua ikirudi, wewe uko Busia unakula samaki."

"Hapana."

"Nani atajua?"

"Wewe unajua. Mimi najua. Kesho njoo na nguzo tano."

"Na ruhusa ya chifu?"

"Akitaka kutuzuia, aje aishikilie nyumba kwa mabega yake."

Asubuhi Caren alipokuja, Wanzala, vidole vyeusi kwa makaa, hakumkaribisha ndani. Alimpeleka moja kwa moja nyuma, kama mtu anayemwonyesha mganga kidonda. Alimwambia nguzo tano zimeoza, aliyeziozesha ni yeye mwenyewe kwa rundo hilo, na kwamba anaomba wiki mbili.

Caren aliligusa rundo kwa ncha ya kiatu. "Wewe ni muuzaji wa namna gani, mzee? Wenzako huanza na mlango."

"Mlango ni mzima. Utauona."

Waliingia. Caren alipita akizihesabu alama za makaa kwa kidole, moja moja, mpaka alipofika upande wa kichwani mwa kitanda, pale Seline alipokuwa akilala. Hapo akasita.

"Hii mbona ina alama mbili?"

Khamala, aliyekuwa ndiyo kwanza anatua nguzo mlangoni, alisogea akainama. "Mimi nilitia moja."

Waligeuka kumwuliza mwenye nyumba. Alikwisha kutoka, na jembe halikuwa mahali pake pembeni. Nyuma ya ukuta pigo la kwanza lilitua kwenye rundo, zito, vumbi likamwagika juu ya kitanda. Kisha la pili.